Nishati Safi, Madai Yenye Moshi

Tangu Mei 2024, Tanzania ilipozindua mkakati wa miaka kumi wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kila mtu amegeuka mtaalamu wa majiko. Siku chache baada ya uzinduzi huo viongozi walikutana Paris kuzungumzia upishi safi Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa miongoni mwa wenyeviti, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa. Pesa ikishatajwa, maneno huongezeka. Makongamano yamekuwa mengi, kampuni changa zinachipuka kila mwezi, na katika kelele hizo yapo madai yanayorudiwa mpaka hakuna anayeuliza yalianzia wapi. Nimechagua yale yanayoniudhi zaidi. Wanaoyatoa wengi wao wana nia njema, lakini karibu wote wanakitazama kifaa na kumsahau anayekishika.

“Wananchi hawatumii nishati safi kwa sababu hawana elimu.” Hili ndilo dai linalopendwa kuliko yote, na sababu ni nyepesi: halimgharimu kitu anayelitoa. Kinachotakiwa ni semina, fulana na mabango. Mama anayepikia mkaa Manzese, Dar es Salaam, hahitaji kuambiwa kwamba moshi unawasha macho. Anajua. Anajua pia kwamba mkaa unammalizia hela, kwa sababu ndiye anayeununua kila asubuhi.

Ushahidi upo, tena wa hapa jirani. Susanna Berkouwer na Joshua Dean waliwafuatilia watu wapatao elfu moja katika mitaa ya kipato cha chini Nairobi, na matokeo yao yakachapishwa 2022 katika jarida la American Economic Review. Waliwauzia jiko la mkaa lililoboreshwa, la bei ya dola 40 hivi dukani. Jiko hilo lilipunguza matumizi ya mkaa kwa asilimia 39, sawa na akiba ya karibu dola 120 kwa mwaka, maana yake linarudisha bei yake ndani ya miezi minne tu. Hata hivyo watu kwa wastani walikuwa tayari kutoa dola 12. Hapa mtu wa semina angepiga meza: umeona, hawaelewi! Lakini watafiti walilijaribu na hilo. Waliwakalisha watu wakawahesabia akiba watakayoipata wiki baada ya wiki, na kiasi walichokuwa tayari kulipa hakikusogea. Waliporuhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kiasi hicho kiliongezeka karibu mara mbili. Jiko lilikuwa lile lile na watu wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Anayepata hela kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kula kipimo, sukari robo, mkaa kopo. Hiyo ni hesabu ya mtu makini ambaye kesho yake haina uhakika, na bidhaa inayomtaka atoe ya miezi minne kwa mkupuo inamtaka abadilike yeye ili bidhaa ibaki ilivyo. Kampuni ya M-KOPA ya Kenya iliielewa hesabu hiyo ilipoanza kuuza taa za sola mwaka 2012. Paneli zilikuwepo madukani miaka mingi kabla yake, taa za LED zilikuwepo, na M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilikuwa na miaka mitano. Walichobuni ni mshono wa kuviunganisha: laini ya simu ndani ya betri, kianzio kidogo, kisha shilingi 40 za Kenya kwa siku, baadaye 50, kiasi kinacholingana na kile ambacho familia ilikuwa inatoa kwa mafuta ya taa. Mteja hakuombwa pesa mpya. Aliombwa aihamishe ile ya koroboi.

Dar es Salaam nako, kampuni changa ya KopaGas ilifanya jambo kama hilo kwa gesi: mita inafungwa kwenye mtungi, mteja analipia gesi ya elfu moja au elfu mbili kwa simu, ikiisha mita inafunga. Januari 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas kwa dola milioni 25. Miezi michache baadaye korona ikafunga shughuli Nairobi, vibarua wakakaa nyumbani, na watafiti walipozifuatilia kaya za mtaa wa Mukuru kwa Reuben zilizokuwa na gesi ya mita ya aina hii walikuta asilimia 95 zinaendelea kuitumia. Hao ndio tunaoambiwa hawana elimu.

“Umeme unakula LUKU, kupikia umeme ni anasa.” Dai hili nalichukulia kwa heshima, kwa sababu linatoka kwa watu waliopika kweli, kwenye jiko la koili. Koili ya wati 1,500 ikichemsha maharage kwa saa mbili inakula uniti tatu. Anayeona namba zinashuka hivyo kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ana haki ya kuchomoa waya.

Kosa ni kudhani kwamba umeme wote wa jikoni ni huo. Tazama jiko la umeme la presha, lile ambalo wengi wanaliita presha kuka. Unatia maharage nusu kilo na maji, unazungusha mfuniko mpaka ushike, unageuza valvu ya mvuke upande wa kufunga. Kwa dakika kama ishirini chombo kinavuta umeme wote, wati 1,000 hivi. Kisha pini ndogo inapanda juu ya mfuniko: presha imejaa. Kuanzia hapo chombo kinajizima, na kwa kuwa kuta zake zinatunza joto, kinajiwasha kwa vipindi vifupi tu ili presha isishuke. Chini ya saa moja maharage yameiva, na mita imeshuka kwa nusu uniti au pungufu. Kwa mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, ambaye kwa miaka mingi amelipa kama shilingi 357 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo haifiki mia mbili. Kwa mtumiaji mdogo wa kundi la D1, aliye chini ya uniti 75 kwa mwezi, imekuwa kama shilingi sitini. Niambie ni mtaa gani wa Dar es Salaam unaouza mkaa wa kuivisha nusu kilo ya maharage kwa shilingi mia mbili.

Sasa kwa nini tetesi ya gharama haifi? Kwa sababu hakuna kinachomwonyesha mpishi hesabu hiyo. Mita ya LUKU imetundikwa ukutani nje, au iko kwenye nguzo, na inajumlisha friji, pasi, televisheni na jiko kwa pamoja. Kopo la mkaa unaliona linavyopungua. Uniti huzioni zikigawanyika. Laiti kioo kidogo cha chombo chenyewe kingeandika “maharage haya: shilingi 170,” mjadala huu ungekwisha bila semina hata moja. Vifaa vya kupima umeme vya kuchomeka ukutani vipo na si ghali. Kukitia kipimo hicho ndani ya chombo chenyewe si sayansi ya roketi. Lakini kiwanda hakijaambiwa kwamba huku swali la kwanza la mnunuzi ni hilo.

“Muundo wa matumizi ni urembo, mhandisi akimaliza, mchoraji apake rangi.” Nimelisikia kwa maneno mbalimbali, mara nyingi kutoka kwa watu waliosoma sana. Jibu langu liko Kariakoo, kwenye maduka ya vyombo vya umeme. Simama mbele ya safu ya presha kuka, soma vitufe. Wali, supu, uji, nyama, keki, wakati mwingine mtindi, vyote kwa Kiingereza. Makande hakuna. Kisamvu hakuna. Utumbo hakuna. Na siri yenyewe ni kwamba vingi kati ya vitufe hivyo hutofautiana kwa dakika tu. Mpishi mzoefu hugundua haraka, akabaki na kimoja anachokiamini, akakitumia kwa kila kitu. Mpishi asiye na uzoefu huogopa, chombo kikarudi kwenye boksi lake, juu ya kabati.

Hofu nyingine ni ya mfuniko. Umeme umekatika katikati ya upishi, jambo la kawaida tu, na mfuniko haufunguki. Chombo hakisemi kitu. Kumbe kinamlinda, kwa sababu presha bado iko ndani na ile pini haijashuka, lakini yeye anaona kitu kimegoma na chakula kiko ndani yake. Wapo wanaovuta kwa nguvu. Wapo wanaoapa kutokigusa tena. Kipande kidogo cha maandishi ya Kiswahili kando ya pini, “ikishuka, fungua,” kingemaliza kazi. Sehemu hiyo ya sentimita mbili ndiyo inayoamua kama teknolojia safi itatumika au itabaki pambo, na ndiyo inayoitwa urembo.

Halafu ugali. Sufuria ya ndani ya chombo hiki inakaa huru, haijabanwa. Ukianza kusonga, inazunguka pamoja na mwiko. Kwenye jiko la mkaa mpishi anaibana sufuria kwa kitambaa au kwa chuma. Humu hakuna pa kushika, na kingo ni za moto. Taifa zima linakula ugali, na bado tunaletewa chombo kilichoundwa kwa ajili ya chakula kisichosongwa, kisha tunashangaa kuambiwa “hakitufai.”

“Mtu akishapata gesi, mkaa basi.” Haijawa hivyo popote ninapopafahamu. Jikoni mwa watu wa kawaida mjini utakuta gesi ya chai ya asubuhi na mayai, mkaa wa maharage na makongoro, na jiko la tatu la dharura. Kila chombo kina zamu yake. Ndiyo maana REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ilipouza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, watu walijitokeza kwa wingi, na hilo ni jema, lakini mtungi ukiisha, kuujaza ni zaidi ya shilingi elfu ishirini kwa mkupuo. Hesabu ile ya Nairobi inarudi palepale. Mitungi mingine leo ni viti vya kukalia. Anayetaka mkaa upungue asiulize nyumba ngapi zina gesi. Aulize maharage yanachemshiwa wapi. Hapo ndipo mkaa unapokwenda, na hapo ndipo presha kuka inapofaa, hata kama ugali utabaki kwenye gesi.

“Tengeneza app, vijana wataichangamkia.” Hili halinihitaji muda mrefu. Huduma za pesa zilizobadilisha maisha ya watu hapa zilianzia kwenye simu ya batani, kwa nyota, tarakimu na alama ya reli. Mtanzania ambaye hajawahi kupakua programu yoyote anaingiza tarakimu ishirini za LUKU gizani, akimulika kwa simu, akikosea anarudia. Hiyo ni stadi iliyoenea nchi nzima bila kufundishwa darasani. Mbunifu mwenye akili anajenga juu yake, kama walivyofanya wauzaji wa taa za sola ambazo mteja huzifungua kwa kuingiza namba za malipo kwenye vitufe vya kifaa chenyewe. Mwenye haraka ya kushinda tuzo anajenga app.

“Kumzimia mtu taa kwa mbali ni unyang’anyi.” Hapa siko kinyume moja kwa moja. Bila kufuli hiyo, inayozima kifaa cha mkopo mteja asipolipa, hakuna ambaye angewakopesha mamilioni ya watu wasio na dhamana wala hati ya mshahara, na aliyewahi kudaiwa na vikoba anajua kwamba taa kuzimika kimyakimya kuna staha kuliko wajumbe kubisha hodi na kubeba godoro. Taa ikizimika, deni linasubiri, ukilipa, inawaka.

Ila wanaolalamika wana hoja katika mambo mawili ambayo kampuni hupenda kuyaruka. La kwanza, mteja anapaswa kuona muda aliobakiwa nao kwenye kifaa chenyewe, siku nzima kabla, si kushtukizwa saa mbili usiku mtoto akiwa kwenye daftari. La pili ni zito zaidi: ikifa kampuni, nani anafungua? Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, Rwanda na Kenya, iliomba ulinzi wa kufilisika Berlin mwaka 2019. Bahati nzuri Engie ya Ufaransa iliinunua mwaka huohuo na huduma ikaendelea. Bahati si mpango. Mkataba wa mkopo wa sola ungepaswa kusema waziwazi kwamba kampuni ikitoweka, kifaa kinajifungua.

“Ubunifu hutoka nje, sisi ni soko.” Anayesema hivi hajui lile jiko lililoko uani kwao limetoka wapi. Mapema miaka ya 1980 mradi ulioanzishwa Kenya kwa msaada wa Marekani ulichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, chuma nje na udongo ndani, ukalileta Nairobi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na udongo kuanzia juu mpaka chini. Yalikuwa mazito na udongo ulikuwa unapasuka. Wanawake waliopewa kuyajaribu wakasema wazi kinachowasumbua. Mafundi, wasanifu akiwemo Maxwell Kinyanjui, na watu wa jua kali, karakana za wazi, wa Shauri Moyo na Gikomba wakalirudia: udongo ukabaki nusu ya juu pekee, na bati likabanwa kiuno na kupanuliwa chini ili jiko lisipinduke mtu anaposonga. Umbo lile la kiuno ni jibu la malalamiko ya wapishi. Linapunguza mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya kaya za mijini Kenya zilikuwa nalo. Tanzania tulilipokea na kuliita jiko bora. Uganda, Rwanda, Ethiopia na Ghana nao wana la kwao. Hakuna aliyelishikia hataza. Fundi aliona, akakunja bati, akauza, wa jirani akaiga, bei ikashuka.

Najua jiko hilo bado ni la mkaa, na leo haliwezi kuitwa safi. Lakini hakuna kifaa cha nishati cha kigeni kilichoenea ukanda huu kwa njia hiyo, na sababu ni kwamba aliyekiunda aliweza kulaumiwa na mteja ana kwa ana, Jumatatu asubuhi, mbele ya wenzake.

“Wagawieni bure, hewa itakuwa safi, kaboni italipa.” Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lenye pesa nyingi. Huko Orissa (leo Odisha), India, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walizifuatilia kwa miaka kadhaa kaya zilizopewa majiko yaliyoboreshwa karibu bure. Mwaka wa kwanza moshi ulipungua. Baadaye haikuonekana tofauti, kwa kuwa majiko yaliharibika, hayakutengenezwa, na watu wakarudi kwenye majiko yao ya zamani. Kisha ikaja biashara ya hewa ukaa: kampuni inagawa majiko, inakadiria kuni zilizookolewa, inauza vyeti kwa wachafuzi wa mbali. Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha katika jarida la Nature Sustainability kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai vyeti zaidi ya mara tisa ya kile kilichostahili. Iliyokaribia ukweli ni ile iliyotumia mita kupima matumizi halisi badala ya kwenda na dodoso na kumuuliza mama “unalitumia?” huku mgeni kakaa sebuleni na zawadi. Nani atajibu hapana?

Kwa hiyo mita ninayoililia kwa ajili ya mpishi ndiyo hiyohiyo inayomzuia mfanyabiashara kuuza hewa. Serikali inapotoa ruzuku, na inatoa, iweke masharti haya kwenye zabuni: kifaa kionyeshe gharama ya chakula kwa shilingi, maandishi yawe ya Kiswahili, sufuria ibanike kwa ajili ya ugali, na vipuri vipatikane wilayani. Wapishi wa sokoni na wa mashuleni wakae kwenye kamati ya kukijaribu kabla ya mkataba kusainiwa, na walipwe kwa muda wao kama wanavyolipwa washauri.

Nawe msomaji, ukienda kununua presha kuka, usihangaike na idadi ya vitufe. Mwulize muuzaji raba ya mfuniko inapatikana duka gani na kwa bei gani, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kuchakaa na bila hiyo presha haijai. Akibabaika, rudisha hela mfukoni uende duka la pili.